Seli Zilizonyolewa na Baridi

Wifi yangu ndiye aliyenifundisha kazi ya maabara, na mimi ndiye niliyemwondoa kwenye meza yake kwa ulimi wangu.

Alikuwa fundi wa maabara miaka mingi kabla kaka yangu hajamwoa. Siku niliyofika pale kuanza utafiti wangu wa udaktari, alinipokea kwa kelele, wenzake wote wakisikia. "Karibu wifi! Nyumbani utadeka, hapa ukivunja chupa unaokota mwenyewe."

Utafiti wangu ulihusu seli nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili. Vitabuni huchorwa kama mipira laini. Lakini ukizitazama kwa darubini kubwa ya elektroni, unaona zimeota vinyweleo mwili mzima, vifupi na vingi, kama brashi ya kusugulia sakafu. Kwenye ncha za vinyweleo hivyo ndiko vilikosongamana vipokezi vinavyomtambua adui. Seli hupapasa kwa ncha hizo, mithili ya mtu anayetafuta swichi gizani. Ikimgusa adui, habari hupenya ndani na seli nzima ikaamka. Nilitaka kujua: ukiinyoa, bado itaamka?

Nilikuwa na dawa ya kuinyoa. Seli zilizopewa dawa zilikaa kimya. Zisizopewa ziliwaka kijani, maana tulikuwa tumezitia rangi inayong'aa seli inapoamka. Kwa miezi minne mambo yalininyookea.

Kisha Jumanne moja, hata zile zisizopewa dawa hazikuwaka. Picha zilipotoka, seli zote zilikuwa na vipara.

Alhamisi tulikaa kikao. Profesa wetu, mama asiyepandisha sauti wala kurudia swali, alizitazama picha zile kwa muda mrefu.

"Nini kimetokea?"

Watu tisa walinigeukia. Ningesema tu sijui. Badala yake nikajisikia nikijibu, "Huenda zilizungushwa kwa kasi kubwa mno kwenye mashine ya kuzitenga na damu. Mimi nilizipokea zikiwa zimeshaandaliwa."

Mwandaaji alikuwa mmoja tu. Alikuwa ameketi karibu na mlango, glavu zake mapajani.

"Nilitumia kasi ileile ya siku zote, mia tatu," wifi alisema.

"Sisemi ulikusudia," nikamjibu, kwa upole ambao hadi leo nikiukumbuka nafumba macho.

Profesa aliamua kwamba mpaka ijulikane kosa ni la nani, wifi aende chumba cha kuoshea vyombo. Wifi aliinuka, akalitundika koti lake vizuri kwenye msumari, akatoka.

Zilipita wiki tatu. Nilikuwa napekua daftari langu la maabara nikitafuta tarehe fulani, nikaikuta Jumanne ile. Mwandiko ulikuwa wangu: *Saa nne na dakika kumi, mirija kwenye barafu. Saa tano kasoro tano, nimeitoa.* Nikakumbuka. Niliitwa mapokezi kuchukua mzigo wa kemikali, nikaitumbukiza mirija kwenye ndoo ya barafu ili seli zisiharibike, kama mtu anayehifadhi samaki. Huko chini nikapiga soga.

Nilichukua damu mpya, nikaziweka seli kwenye barafu dakika arobaini na tano. Vipara. Kimya. Nikazirudisha kwenye kabati la joto, na baada ya nusu saa vinyweleo vilikuwa vimeota tena. Nilipozionyesha adui, ziliwaka kijani skrini nzima. Mtafiti mwingine angeruka kwa furaha. Mimi masikio yalikuwa yanawaka moto.

Nisijipambe: wazo langu la kwanza halikuwa kwenda kumwomba radhi. Nilitengeneza ukurasa safi, nikauita "Athari ya baridi," tarehe ya Jumanne ile nikaiacha nje, nikampelekea profesa.

"Hii nzuri sana," alisema. "Ulifikiriaje kujaribu baridi?"

"Ni bahati tu."

Nikirudi nilipita mlango wa chumba cha vyombo. Wifi alikuwa na povu mpaka viwikoni. "Hongera wifi!" akaniitia. "Nasikia seli zako zimeota nywele. Zipeleke saluni basi!" Akacheka. Hakukuwa na kijembe ndani ya kicheko kile. Alinifurahia kweli.

Nikageuka, nikagonga tena mlango wa profesa, nikamwekea daftari mezani likiwa wazi.

Alilisoma. Akalifunga. "Haya utayasema Alhamisi, mbele ya watu walewale."

Nikayasema. Nilipomaliza nilimgeukia wifi, nikasema nimemkosea, anisamehe.

"Wiki tatu," alisema. "Kila nikilala naiona ile siku. Nabonyeza vile vitufe upya, najiuliza nilikosea kipi. Ungenitukana ingekuwa afadhali. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini mikono yangu imezeeka."

Kikao kikaendelea na mambo mengine.

Alirudi kwenye meza yake siku ileile. Profesa aliagiza majaribio yote yarudiwe, na safari hii wifi ndiye apange mirija kwa namba, mimi nisijue ipi ina dawa, ipi ilikaa kwenye barafu na ipi haikuguswa, mpaka nimalize kupima. Miezi miwili nilipima nisichokijua. Majibu yalikuwa yaleyale: seli yenye kipara ni nzito kuamka, na baridi peke yake yatosha kuinyoa. Makala ilipoandikwa, jina lake liliwekwa pamoja na yetu.

Kaka yangu hajawahi kuniuliza lolote. Akinipigia simu tunazungumzia watoto.

Wifi ananisalimu, ananitania mbele za watu kama zamani. Ila kila ninaposimama karibu na mashine ya kuzungushia, anasita kabla ya kubonyeza, ananionyesha kwa kidole kioo chenye namba ya kasi.

"Mia tatu. Umeona?"

"Nimeona, wifi."

Hapo ndipo anabonyeza.