Taulo la Waheshimiwa

Baba yangu ni kinyozi, na mwenyewe husema hana kinyozi mwenzake. Kwake wateja ni wa aina mbili. Watu wa kawaida wananyolewa, wanapigwa brashi shingoni, wanaenda zao. Waheshimiwa, yaani meneja wa benki, mwalimu mkuu na mwenye nyumba wetu, wanafutwa uso kwa taulo jeupe lililochovywa kwenye maji ya moto. Taulo ni moja tu. Linafuliwa Jumapili, maana eti likifuliwa kila mara litachakaa.

Mchumba wangu, fundi umeme, alikuwa mtu wa brashi. Posa ilipopokelewa, Baba akampandisha cheo kwa mbwembwe, akamfuta mashavu mbele ya watu. Yule naye akarudi kwangu meno yote nje, utadhani amepewa uwaziri.

Miezi miwili baadaye vijipele vikamwota kidevuni. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tufunge ndoa.

"Huo ni ugonjwa wa wahuni," Baba akatangaza. "Harusi hakuna!"

Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonifaa. Baba aliitisha kikao sebuleni kwetu, akawaalika wale waheshimiwa watatu wamsaidie kumkataa mkwe kwa adabu. Mimi nikamwita mama yangu mdogo, muuguzi, asiyejua kumung'unya maneno.

Mama mdogo hakungoja hotuba. Alimvuta mchumba wangu hadi dirishani, akavaa glavu, akamgeuza kidevu huku na huku.

"Vya mviringo, vinang'aa, na kila kimoja kina kishimo katikati. Vinauma?"

"Haviumi, mama. Vinawasha kidogo."

"Hivi ni virusi vya ngozi. Vinahama kwa kugusana, na kwa kuchangia vitu kama taulo na wembe. Usivikune, usivitumbue, usipitishe wembe juu yake. Vifunike. Vitaisha vyenyewe, ila vinaweza kukaa miezi, hata mwaka. Sasa niambie, unachangia taulo na nani?"

Mchumba wangu akamtazama Baba. Baba akatazama dari.

"Sikumbuki," akasema mchumba wangu.

Alikuwa anamfichia aibu mtu aliyetaka kumfukuza. Nilimpenda sana dakika ile, na nilitamani kumzaba kofi.

"Waheshimiwa," nikasema, "naomba mwinue videvu."

"We mtoto!" Baba akafoka.

Lakini mama mdogo alishawafikia. Meneja alikuwa na plasta tatu chini ya taya. Mwalimu mkuu, ambaye tangu nikiwa mwanafunzi wake alikuwa akiwachapa wavulana kwa kufuga ndevu, alikuwa amefuga zake, na ndani yake vijipele vimejipanga foleni. Mwenye nyumba alivua skafu polepole, huku anasema imekuwa baridi. Lilikuwa joto la kutoa jasho.

"Hilo ni joto tu," Baba akajikaza kisabuni. "Vipele vya joto."

"Kumbe," akasema mama mdogo. "Kwa fundi ni uhuni, kwa meneja ni joto. Haya shemeji, chagua. Hawa wote ni wahuni, au kuna kitu kimoja kinachopita usoni mwao wote?"

Baba akanitazama, kisha akawatazama waheshimiwa wake. Nilijua anachopima. Upande mmoja nilikuwa mimi, upande wa pili jina la saluni yake, na sitasahau jinsi alivyochelewa kupima.

"Harusi ipo," akasema mwishowe. "Na kuanzia kesho kila mteja atakuja na taulo lake."

"Na radhi je, Baba?" nikauliza.

Akasimama, akaweka mkono kifuani. Akamwomba radhi meneja wa benki. Akamwomba radhi mwalimu mkuu. Akamwomba radhi mwenye nyumba, kwa kuinama kidogo. Alipofika kwa mchumba wangu, akaketi.