Aliyeing'oa "Si"

Kazini walimwita Mama Zima. Aliwaandikia mafundi kwa simu, "Msizime mnara," wao wakapokea, "Mzime mnara." Mji mzima ukakosa mtandao, yeye akavuliwa ukuu wa zamu, na kiti chake akakikalia shemeji yake, mdogo wa mumewe. Kila ujumbe ulipitia meza ya huyo shemeji kabla ya kuwafikia mafundi, kwa hiyo mama alijua nani aliing'oa ile "si". Ushahidi ndio hakuwa nao.

Hakulia. Alitengeneza muhuri.

"Ni kama kusaga mahindi," aliwaeleza wenzake. "Maneno yanaingia, unatoka mkia mfupi wa herufi na tarakimu, ndio muhuri wa ujumbe. Gusa nukta moja tu, mkia wote unageuka. Na unga haurudi kuwa mahindi."

"Hata mimi naweza kusaga, shemeji," alisema shemeji yake, bwana mkubwa wa sasa, akiinuka kwenda zake. "Kanuni yenyewe iko wazi kwa kila mtu."

"Iko wazi kabisa," alikubali mama, wala hakumwita arudi asikie mengine: kila ujumbe ungesagwa pamoja na neno la siri, lililomo kwenye mashine yake na simu za mafundi, basi.

Mkurugenzi akakubali kumjaribu tena. Akifaulu, atarudishiwa zamu. Aliandika, "Msizime mnara," akatuma, akakunja mikono.

Fundi mkuu akapiga simu. Mama aliweka sauti ya juu, mkurugenzi asikie.

"Mama, huku imeandikwa mzime, ila simu zetu zimeukataa muhuri. Nani kaushika ujumbe huu?"

"Itakuwa hitilafu," shemeji alisema haraka.

"Hitilafu haijui kusaga." Mama alisaga "Mzime mnara" bila neno la siri, ukatoka mkia ule ule uliowafikia mafundi. "Mkia umesagwa upya, tena vizuri. Umekosa siri yetu tu. Ujumbe uliingia mezani kwako mzima, shem."

Mkurugenzi alitazama skrini, kisha akamtazama shemeji. Akamwashiria ainuke kitini.

Shemeji akamsogelea mama, akinong'ona. "Tuyamalize nyumbani. Kaka asijue."

"Ulinivunjia heshima nyumbani?" Mama alikivuta kiti, kingali na joto. "Chukua simu. Waandikie mafundi wote ulichonifanyia, kwa mkono wako. Kaka yako naye mtumie ujumbe huo huo."

"Shemeji, jamani."

"Andika. Nitaupiga muhuri mimi mwenyewe, kesho usije ukasema nimekubadilishia maneno."