Ndagala Anayetazama Nyuma

"Samaki ni ya Mungu," Firmin alisema, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Weye uliumba samaki siku gani, Thaddée?"

Thaddée, mchoraji wa mitumbwi pale Kalundu, kando ya ziwa, alitamani kumrushia kiti. Juu ya meza ya wakili, Maître Amandine, waliyekubaliana awaamue, ilitandazwa fulana mpya kutoka kiwanda kidogo cha Firmin kule Kavimvira. Katikati alikuwepo ndagala, dagaa wa ziwani, aliyepinda shingo akitazama nyuma, na chini yake jina la Firmin kwa herufi za kujidai. Thaddée hakuja kudai faranga. Alitaka jina lile litoke.

"Sheria hailinde samaki," wakili alisema. "Inalinda kitu chenye kilitoka mu kichwa yako mwenyewe. Hapa iko nini ya kwako?"

"Hii shingo. Miye njo niliigeuza wa kwanza."

"Uongo!" Kizito, mwenye mitumbwi minne, aliruka kutoka benchi la mashahidi. "Ile iko desturi ya bababu, inaletaka baraka. Na ni weye mwenyewe uliniambia!"

Kweli, alimwambia. Aliwaambia wavuvi wote waliouliza, na wakachorewa mmoja baada ya mwingine, hata pwani nzima ikaamini. Firmin alikunja mikono kama mtu aliyekwisha kula na kushiba. Desturi ni ya wote, na cha wote hakina mwenyewe.

Thaddée aliwachukia wote wawili. Angeweza kunyamaza na kwenda zake. Lakini lile jina lilimkodolea macho pale mezani.

"Nilibadanganya," alisema. "Mudogo wangu Étienne alizama. Mutumbwi yake ikarudia yenyewe, bila yeye. Nikachora samaki ile juu yake, ikuwe inaangalia kwenye alibakia. Kama ningesema ukweli, nani angepanda mutumbwi yenye alama ya maiti?"

Maître Amandine aliandika, kisha akaisukuma fulana kando.

"Basi iko yako," alisema. "Firmin, utatoa jina yako ku fulana."

Firmin alitukana kwa Kifaransa. Lakini Kizito ndiye aliyemtisha Thaddée: alimsogelea hadi usoni.

"Batoto yangu bamelalaka mu mitumbwi yenye alama ya kilio yako," alisema, "na weye ulikula mikate yangu ukinichekea!"

Alasiri, habari ilikwisha kumtangulia Kalundu. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, na wavuvi walikuwa wakiikwangua kwa mapanga na vipande vya chupa. Hakuna aliyemsalimu. Rangi ya buluu ilidondoka kwa maganda, mawimbi yakayachukua.

Mtumbwi mmoja ulibaki haujaguswa, ule wa zamani wa Étienne. Kizito alimnyooshea Thaddée panga, mpini mbele.

"Umesema iko yako. Kwangua mwenyewe."

Thaddée alipokea panga. Alipiga magoti mchangani, akaanzia mkiani, polepole, akiiacha shingo.