Mawe ya Korongoni

Loserian alinitia shaka tangu asubuhi. Fundi gani anafika kazini Rhotia, hata mashine hajawasha, anakimbilia kusalimiana na mwenye loji, wanacheka? Mimi Antonia, mwenyekiti wa kamati ya maji, si mtoto mdogo.

Kazi ilikuwa kutoboa chini ya lami ili bomba litokee zahanati, jirani na loji. Watu wa barabara walitupa kibali cha tundu moja tu. Na mkwe wangu Angela alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwetu anayekwenda kujifungua huenda na ndoo zake mbili za maji.

"Mama, ng'ambo kuna mawe?" Loserian aliniuliza.

"Udongo mtupu." Nilijua anatafuta kisingizio.

Alinieleza kwamba kichwa cha kutobolea kimechongwa upande mmoja. Kikisukumwa huku kinazunguka, kinanyooka. Kikisukumwa bila kuzunguka, kinakata kona. Nikamkodolea macho kutwa.

Kichwa kilipovuka lami, akapunguza kusukuma. Mashine inanguruma, kichwa kinazunguka, hakiendi. Mara asimame, mara arudishe nyuma. Na jicho kwenye loji!

"Ebo! Unamngoja nani?"

"Kinagonga kitu kigumu, mama. Nikilazimisha kitateleza pembeni. Nipe mpaka jioni."

"Umpelekee rafiki yako maji yetu? Thubutu! Sukuma, au funga virago."

Wanakamati wakapiga makofi. Nikajiona mtu.

"Haya," akasema taratibu. "Mwenye kazi ni wewe."

Akasukuma. Mashine ikatetemeka, kisha ikaenda chapuchapu, nami nikacheka. Kichwa kiliibuka katikati ya maua ya mwenye loji, vyuma vimepinda, kimeng'ang'ania vipande vya mawe meusi.

Mawe yale nayajua. Miaka ishirini mimi na marehemu mume wangu tuliyaokota shambani, tukayajaza korongoni, tukafukia juu. Kiwanja kilichopatikana ndicho tulichoipa zahanati. Na asubuhi ile Loserian aliponiuliza, niliyakumbuka, ila sikutaka kumpa kisingizio.

Kule loji kumbe alikwenda kuomba maji ya mashine, maana sisi hatuna. Niliona aibu, sikuweza hata kumuaga.

Kibali kingine mpaka leo hatujapata. Jumapili Angela alishikwa na uchungu. Ndoo nilizibeba mimi, zote mbili, nikapita mbele ya wanakamati wangu. Hakuna aliyenipokea hata moja.