Duara Mlangoni kwa Fundi Mageti

Walimwita Masikio tangu utotoni, na jina likaja kumpa kazi. Alitengeneza matembezi ya sauti. Unaweka programu yake kwenye simu, unavaa hedifoni, unatembea mjini, na kila ukiingia ndani ya duara alilolichora kwenye ramani, simu inakusikilizisha sauti zilizorekodiwa mahali hapohapo. Penye kinu cha zamani unasikia kinu. Penye shule iliyobomolewa unasikia kengele na watoto.

Duara lililomnyima usingizi lilikuwa mlangoni kwa fundi mageti. Hapo ndipo mdogo wake alipouawa, na yeye ndiye aliyemtuma. Alimwomba akamletee sauti za mtaa, na kijana wa watu akaenda kuchuchumaa nyuma ya karakana na kifaa cheusi mkononi, kimya, kama kazi yenyewe inavyotaka. Sasa mwanamume anayechuchumaa kimya nyuma ya karakana ya mtu, nani atamuuliza kwanza anafanya nini? Fundi alitoka, akamwona, akapiga ukelele. Mtaa ukamaliza yaliyobaki. Waliomuua wakaitwa wananchi wenye hasira, na mwenye jina hilo hafungwi.

Kinasa sauti kilichukua yote. Masikio aliisafisha rekodi ile mara nyingi mno, akipunguza upepo, akiipandisha sauti ya fundi, mpaka akawa anaisikia hata anapoosha vyombo: ukelele, makofi, mateke, nondo, kisha kimya kifupi watu wanaporudi nyuma kumpisha mmoja. Halafu jiwe. Akachora duara likaizunguka karakana nzima. Alijiambia anataka wapita njia wajue ukweli tu. Uongo mtupu. Alitaka fundi aumie.

Mama yake akasema yeye ndiye atakuwa msikilizaji wa kwanza.

"Mama, si lazima."

"Nilimzaa kwa kelele, mwanangu. Nitamsikia mpaka mwisho."

Wakaenda asubuhi, mtaa umejaa. Mama alishika simu mkononi, waya wa hedifoni ukining'inia kifuani. Walipofika kwa fundi akasimama. Akatabasamu kidogo, midomo ikamcheza. Kisha uso ukamvurugika, akaung'oa waya kwa mikono miwili.

Programu za namna hii hunyamaza waya ukichomoka. Ya Masikio nayo ilikuwa hivyo, ila wiki ile aliizima kanuni hiyo mwenyewe, maana waya mbovu ulikuwa ukimkatizia majaribio, na akasahau kuirudisha. Simu ikafoka barabarani kwa sauti yake yote:

"Mwizi! Mwizi huyo! Mshikeni!"

Fundi alikuwa ndani, anakata chuma. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka nje, akaitambua, akatupa msumeno na kutoka mbio kwa mlango wa mbele. Na mtaa ukisikia "mwizi" ukaona mtu anakimbia, hauna swali la pili. Wa kwanza alimtia ngwala, meno yakagonga lami. Wa pili alimkanyaga mkono, vidole vikalia. Wengine wakamvamia kama siafu, mateke ya mbavu, mateke ya kichwa, na mzee mmoja aliyekuwa akinunua sabuni akaweka sabuni chini kwanza ndipo akapata nafasi yake.

"Ngojeni niwaeleze!" fundi alilia. "Ngojeni!"

Yaleyale maneno ya mdogo wake. Tusifichane: Masikio alifurahi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na leo nguruwe alikuwa anaujua uchungu wake. Mama akamkamata mkono kwa nguvu.

"Waache," akasema.

Nondo ikashuka, mguu ukavunjika kama kuni kavu. Ikashuka tena. Kisha mtaa ukanyamaza, na watu wakarudi nyuma hatua moja.

Masikio alikijua kimya kile. Moyo ukampasuka. Alijinasua mkononi mwa mama, akapita katikati ya miguu ya watu, akajitupa juu ya fundi. Jiwe likamshukia begani. Aliusikia mfupa ukivunjika kabla hajaisikia sauti yake mwenyewe ikipiga yowe.

"Huyu dada katokea wapi?" mtu akauliza.

"Wewe, umemuua mwanamke!"

"Mimi? Mimi nilikuwa napita tu."

Wakaanza kupungua, kila mmoja akakumbuka anakokwenda. Mzee akaokota sabuni yake.

Mama alikuwa bado ndani ya duara. Rekodi ilikuwa imefika mwisho, ikaanza upya, na mtaa uliokwisha kutulia ukasikia mnong'ono wa kijana:

"Dada, nimefika kwa fundi mageti. Nimejibanza, maana akiniona ataacha kazi. Sikiliza cheche zake, dada. Kama mvua juu ya bati."

Zikafuata cheche. Zilikuwa nzuri kweli.

Fundi alilala chini ya Masikio, jicho moja limefumba, damu inamtoka puani na kumwingia Masikio shingoni. Alikuwa akisikiliza.

"Alikuwa anarekodi kazi yangu?" akauliza.

Mama akaja polepole, akapiga magoti kwenye damu, akamwekea simu sikioni.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Hapo bado hujatoka mlangoni. Hapo mwanangu bado mzima."