Mama Spana na Kifuniko cha Dawa

Mtaa mzima ulimwita Mama Spana, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa fundi bomba, na mikono yake ilishafungua kila kilichokaza mtaani pale: koki zilizoshika kutu, makopo, mitungi, na siku moja pete iliyong'ang'ania kidole cha mwenye nyumba. Watu walibisha hodi hata wakati wa chakula. "Mama Spana, tusaidie, limegoma." Naye analipokea bila kuacha kutafuna, krak, haya nendeni.

Mteja wake mkubwa alikuwa mumewe mwenyewe. Huyu alikuwa fundi cherehani, mwembamba mpaka watu wakamwita Uzi, na tangu waoane hakuna aliyemwona akifungua chupa. "Mke wangu, imekaza," ndiyo iliyokuwa salamu yake ya asubuhi.

Basi ikaja baridi yabisi. Vidole vya Mama Spana vikavimba, vikawa vizito, na asubuhi yeye anaamka, vidole bado vimelala. Daktari alimpima damu, akamweleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeukia na inashambulia viungo vyake. Akampa vidonge vya kuushika ugonjwa. Kisha akatazama tena majibu, akaguna.

"Na vitamini D iko chini mno. Mwili huitengeneza kwa jua. Mama, unafanyia kazi wapi?"

"Chini ya masinki."

"Umejijibu. Sasa tusidanganyane, vitamini hii haiponyi baridi yabisi. Lakini ikikosekana mifupa inadhoofu, na wewe mifupa unaihitaji." Akamwandikia chupa ya vitamini.

Vile vidonge vya ugonjwa havikuwa na shida. Vilikuwa kwenye karatasi ya kubonyeza, akavibonyeza kwa kiwiko, vikarukia chini ya kitanda, akavifuata na kuvimeza. Shida ilikuwa chupa. Jamani, ile chupa! Kifuniko chake unakikandamiza chini kwa nguvu huku unakizungusha. Kimetengenezwa hivyo kuwazuia watoto, kikamzuia mama yao.

Alijaribu kwa kiganja. Akajaribu kwa meno. Akaleta spana ya bomba, kifuniko kikazunguka tak-tak-tak palepale kama kinamcheka. Akakibana kwenye meno ya chuma ya jiliwa, wapi! Kuikata kwa msumeno? Mungu apishe mbali. Maisha yake yote amewaambia mafundi wenzake kwamba anayekata kitu kinachofunguka si fundi, ni mchinjaji.

Kumwomba Uzi, basi? Hapo ndipo roho ilipomuuma. Siku ya harusi yao Uzi alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Mimi nimependa hii mikono." Sasa mikono ikigoma, atabaki na nini cha kupendwa? Na tangu ugonjwa uanze, Uzi hakuwa ameleta hata chupa moja. Hata moja! Mama Spana alilala na hilo, akaamka nalo: ameshaniona sifai. Akaificha dawa chini ya sanduku la zana, akajiambia kesho vidole vitakuwa afadhali.

Halafu akapata akili. Si daktari kasema jua? Vitamini ni ileile, na jua halina kifuniko! Kuanzia hapo kila mchana akawa anapanda juu ya paa, anakaa kando ya tangi la maji, spana mapajani, ili watu wajue yuko kazini.

"Mama Spana, tangi tena?" jirani anauliza kutoka chini.

"Tangi tena!"

Umbea ukapanda na kushuka ngazi kwamba tangi ni bovu. Mwenye nyumba akaja mwenyewe, roho juu, akalipapasa pande zote. Kavu. Pembeni yake fundi amefumba macho, uso ameuelekeza juani, anakoroma.

Aliporudi kwa daktari, vitamini ilikuwa haijapanda hata chembe.

"Dawa unameza?"

"Kama ulivyosema."

"Na jua?"

"Kila siku, daktari."

"Unakaa umevaa nini?"

"Ovaroli."

"Ya mikono mirefu?"

"Na glavu. Na kofia."

Daktari alifumba macho kidogo. Akaandika chupa nyingine, kubwa zaidi, ya nguvu zaidi, na kifuniko kikubwa zaidi. Mama Spana akaipeleka kwa mwenzake chini ya sanduku. Safari iliyofuata damu ikasema yaleyale, na daktari naye akachoka kupigwa chenga.

"Keshokutwa njoo na mzee. Na dawa zote, kama zilivyo."

Keshokutwa hiyo chupa zikapangwa mezani, Uzi amekaa pembeni ya mkewe. Daktari akainua moja, akaigeuza. "Sili ya kifuniko haijakatika," alisema. Akainua ya pili. "Hii pia. Mama, unameza kupitia plastiki?"

Mama Spana alitazama sakafu. Alitamani akaingie chini ya sinki lolote abaki hukohuko. "Hazifunguki," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo Uzi alikuwa hajawahi kuisikia.

Uzi alichukua chupa, akasukuma kwa kiganja, akazungusha. Krak. Akaifungua na ya pili, huku anamuuliza daktari inamezwa kabla ya kula au baada.

Ebo! Mama Spana aliinua kichwa. Aibu yote ilimtoka, ikaingia hasira. Alijizuia mpaka kwenye korido, si hatua moja zaidi.

"Wewe bwana! Kumbe unaweza?"

"Naweza."

"Na nisipokuwepo chupa anafungua nani?"

"Mimi."

"Miaka yote hii umenivika kilemba cha ukoka!"

"Sikukuvika mke wangu, ulikuwa unafungua kweli. Mimi nilikuwa napenda kukutazama tu." Uzi alikunakuna shingo. "Unalikumbuka lile kopo la rangi, siku ya kwanza nilipokuja karakana kwako?"

"Lilinitoa jasho lile."

"Nililikaza mwenyewe. Kwa koleo. Ningekuja na sababu gani? Nyumba niliyopanga haikuwa hata na bomba la kuharibika."

Mama Spana alitaka kufoka, kicheko kikamtangulia, na kabla kicheko hakijaisha machozi yakawa yameshafika. "Sasa mbona uliacha kuniletea? Nilijua umenichoka."

"Niliona vidole vyako. Nikaogopa nikikuletea na ukashindwa, utajisikia vibaya mbele yangu." Akamshika mkono, taratibu, pale pasipouma. "Nikuchoke wewe, lile tangi nimwachie nani?"

Mgonjwa mmoja kwenye benchi akacheka kwa sauti. Hawakumjali.

Kesho yake asubuhi Mama Spana alikuwa jikoni, amekunja mikono ya nguo mpaka juu kwa ajili ya jua, safari hii bila glavu. Uzi akaingia na chupa ya vitamini, uso mkavu kabisa.

"Mke wangu, imekaza."

Aliipokea. Mara moja akajua: kifuniko kilikuwa kimeegeshwa tu pale juu, hata sisimizi angekisukuma. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

Basi Mama Spana akapanua miguu. Akauma meno. Akaguna, akakunja uso, akazungusha polepole kwa vidole vyake vilivyovimba, na kwa kuwa kifuniko hakikutoa sauti yoyote, akaitoa mwenyewe kwa mdomo.

"Krak."

"Ndiyo maana nilikuoa," alisema Uzi, akaenda kumletea maji.