Ukuta wa Njia ya Kisima

"Mama Rut, nipishe," alisema Asajile, mtaimbo mkononi. "Nyumba ya pembe nne inataka msingi wa mawe, kama ile ya misheni. Mawe ndiyo haya."

Anyosisye, mkewe, hakusogea, mtungi kichwani. Mzee Nsajigwa, baba yake Asajile, alikuwa amezikwa mwezi uliopita tu, na tayari mwanawe anaukodolea macho ukuta wake!

"Kachukue ya kwenye ngazi za shamba."

"Zile zinazuia udongo usiporomoke. Huu hauzuii hata kiganja cha udongo. Mzee alizoea tu kupanga mawe, tangu Wajerumani walipompeleka Tukuyu kujenga boma."

Alizoea tu! Kweli mtu anaweza kula na baba yake maisha yote na asimjue.

Miaka kumi na mmoja nyuma, akiwa bi harusi wa majuma mawili, Anyosisye alikutana na mzee ghafla kwenye njia hii. Kwa mila ya Wanyakyusa, mwanamke hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akajitupa majanini; mtungi ukavunjika, goti likachanika. Alisikia miguu ya mzee ikisita, kisha ikaondoka haraka.

Kesho yake mzee alianza kubeba mawe kutoka mtoni, moja moja begani, hadi ukuta wa kando ya njia ukafika kisimani. Tangu hapo Anyosisye alitembea wima. Akipita, aligonga mtungi mara mbili kwa kidole. Ng'ambo ya ukuta, shambani, mzee alikohoa. Hayo ndiyo mazungumzo yao yote, na loo, jinsi alivyoyapenda! Hakuwahi kumwona usoni.

"Alinijengea mimi," alisema, akamweleza mumewe yote.

Asajile akapima kimo cha ukuta kwa kiganja. Uliishia sawasawa kwenye ngata ya mkewe, chini ya mtungi.

"Kumbe mzee alikuwa akiona mtungi tu, ukipita," alisema polepole. Akalirudisha jiwe alilokwisha kuling'oa. "Ya msingi nitayabeba kutoka mtoni."

Anyosisye akaendelea na njia. Karibu na kisima kidole kikagonga mtungi chenyewe, mara mbili. Hakuna aliyekohoa.

Akautua mtungi chini, akaegemeza paji la uso kwenye mawe, akamshukuru baba mkwe kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Ndaga fijo, tata."